Kufungua Kufuli Bila Ufunguo

Hapa kwetu Kabambare mtu akisikia ya kuwa fulani aweza kufungua kufuli bila ufunguo, neno la kwanza atamkalo ni "mwizi". Simlaumu. Tangu vita vya 1996 watu wa Maniema ya kusini wamekimbia makwao mara nyingi, na wengi walirudi wakakuta milango haina hata bawaba. Lakini mimi, mwalimu wa shule ya msingi, huu ni mwaka wa saba nifunguapo kufuli jioni mezani pangu, nikiisha kusahihisha madaftari. Wanafunzi wamekwisha kupata habari, nao huniuliza. Yafaa waisikie kwangu kuliko kuiokota njiani.

Neno kufuli lenyewe ni la Kiarabu. Lilifika kwetu pamoja na Kiswahili, kwa misafara ya waungwana walioweka vituo Kasongo na Kabambare katika karne ya 19 kwa biashara ya pembe na ya watu. Vijana wa leo husema kadena, kwa kufuata Kifaransa. Kitu ni kile kile.

Ndani ya kufuli ya kawaida mna silinda ndogo ya shaba inayozunguka, ambamo ufunguo huingia. Juu yake yametobolewa matundu manne au matano katika mstari mmoja, na katika kila tundu mna pini mbili, moja juu ya mwenzake, zinazosukumwa chini na kamani nyembamba. Maadamu pini ya juu iko nusu ndani ya silinda na nusu nje, silinda haigeuki. Ufunguo wa haki huziinua zote hata pale pini mbili zikutanapo palingane na ukingo wa silinda. Ndipo silinda hugeuka na upinde wa chuma huruka. Wazo hili ni la kale sana. Wamisri walikuwa na makomeo ya mti yenye vijiti vinavyoanguka kwa uzito wao wenyewe, na Mmarekani Linus Yale mdogo akalifanya dogo hata likatosha ufunguo wa mfukoni. Alipata hati zake za uvumbuzi mwaka 1861 na 1865.

Basi, hakuna mashine itoboayo mstari ulionyoka kabisa, na hapo ndipo penye siri yote. Ukiigeuza silinda kwa nguvu kidogo mno, ni pini moja tu ibanwayo. Nyingine zote zacheza. Waitafuta hiyo iliyobanwa, waiinua polepole, hata usikie "ta", sauti ndogo kama punje ya mchele iangukapo sahanini. Silinda husogea unywele mmoja. Sasa pini nyingine imebanwa, nawe waanza tena. Vyombo vyangu ni viwili: ubavu wa mwavuli uliovunjika, nilioupiga tupa hata ncha yake ikainuka kidogo, na kipande cha chuma nilichokikunja pembeni ili kugeuzia silinda. Macho hayana kazi. Mara nyingi huzima taa.

Kufuli ya bei ndogo, iuzwayo sokoni karibu na sabuni na betri, hufunguka kwa dakika moja. Naisema wazi ili mwenye duka ajue anunuacho.

Mwaka wa tatu ndugu yangu aliniletea kutoka Bujumbura kufuli nzito ya shaba, nayo ilinikalisha wiki tano. Pini zake za juu hazikuwa za mviringo mnyoofu, bali zilikuwa na kiuno, kama kile kijiti cha kuzungushia uzi wa cherehani: nene kwenye ncha mbili, nyembamba katikati. Ukiziinua, kiuno hunaswa ukingoni; silinda hugeuka kidogo, wewe wafurahi, kisha yakwama. Kadiri ukazavyo ndivyo inasavyo. Dawa yake ni kulegeza mkono. Waisukuma pini tena, na silinda yaanza kurudi nyuma. Nawe waiacha irudi, lakini kwa kipimo, maana ukiachia kupita kiasi pini zote ulizokwisha kuzipanga zaanguka. Ziko na pini nyingine zenye mikato kama meno ya msumeno, na kila jino hutoa "ta" ya uongo. Mwenye haraka aende akacheze mpira.

Wengine huniuliza kwa nini jambo kama hili lisemwe hadharani. Swali hilo ni la zamani. Duka la Bramah mjini London liliweka kufuli dirishani kwa miaka mingi, likiahidi gini 200 kwa mtu atakayeweza kuifungua. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu, Mmarekani Alfred Charles Hobbs aliifungua baada ya saa 51 zilizogawanywa katika siku 16. Zikazuka kelele. Hobbs aliona ya kuwa wezi ni mafundi hodari wa kazi yao, wayajua hayo zamani. Asiyejua ni mnunuzi. Nami naona alisema kweli.

Kisa cha pili chatugusa sisi Wakongomani zaidi. Richard Feynman, mtaalamu wa fizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1965, alipokuwa Los Alamos katika vita vya pili vya dunia alipenda mchezo huu huu. Siri za bomu la atomu zilihifadhiwa hapo mwanzoni katika makabati ya mbao, yenye fimbo ya chuma iliyofungwa kwa kufuli ya kawaida. Feynman alizifungua kwa kujifurahisha, tena akawaeleza wakubwa ubovu wake. Na madini mengi ya urani ya bomu hilo yalitoka Shinkolobwe, huko Katanga, kusini mwetu. Hesabu za madini ya Kongo zikalindwa na kufuli kama ya kibanda cha kuku! Baadaye, mahali pengine pa kazi hiyo, pakiitwa Oak Ridge, alimwonyesha kanali mmoja jinsi kasha lake la chuma lilivyoweza kufunguliwa likiachwa wazi mchana. Kanali hakuwafundisha watu kufunga makasha. Aliandika tu kwamba kila ambaye Feynman alipita ofisini mwake abadili namba zake.

Wapenzi wa mchezo huu wa Ujerumani waliunda chama chao mwaka 1997, na siku hizi viko vyama katika nchi nyingi. Kanuni zao kubwa ni mbili: usifungue kufuli isiyo yako bila ruhusa ya mwenyewe, wala usifungue kufuli iliyo kazini. Hiyo ya pili huipindi ila kwa shida ya kweli.

Shida hiyo ilinifikia mwaka jana. Alifariki mtu aliyekuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wa upande wa Namoya, akaacha sanduku la bati lenye kufuli nzuri, ufunguo haukuonekana. Mjane alimtuma mtoto kuniita. Lakini usiku ule ule, kabla sijaenda, kaka wa marehemu alibisha hodi nyumbani kwangu na pesa mkononi, akitaka niende naye mara moja mjane akiwa amelala. Nilimjibu ya kuwa nitaifungua asubuhi, mbele ya pande zote mbili na mzee wa mtaa, la sivyo waivunje kwa nyundo bila mimi.

Asubuhi tulikuwa watu kumi na watano chini ya mwembe. Kufuli ilikuwa na pini zenye kiuno; ilinichukua saa moja na zaidi, na watu wakichoka kusimama. Ndani tulikuta hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mizani ndogo na daftari. Dhahabu hapana. Yule kaka akanigeukia.

"Mwalimu, wewe ulikuja hapa jana usiku."

Kabla sijajibu, mke wangu alisimama. "Baba," akamwambia kwa heshima, "jana usiku ni wewe uliyekuja kwetu. Mimi ndimi niliyekufungulia mlango."

Mzee wa mtaa akalisoma daftari kwa sauti: gramu, tarehe, majina ya wanunuzi. Dhahabu yote ilikwisha kuuzwa kabla ya ugonjwa, na fedha zilinunua mabati ya nyumba tuliyokuwa mbele yake. Hati ya kiwanja ilikuwa na jina la mjane. Yule kaka hanisalimu hata leo.

Jumamosi iliyofuata nilitafuta ufunguo mbichi. Niliutia katika kufuli, nikaukaza, nikautoa, nikatazama alama ndogo zilizoachwa na pini, nikaupiga tupa pale penye alama, nikautia tena. Hata jua likapinda. Kufuli ilipofunguka, Mama yule aliupokea kwa mikono miwili, akauliza nimechonga ngapi. Nikamwambia ni huo mmoja. Akaufunga katika pembe ya kitenge chake.