Kaseti Iliyoachwa kwa Fundi

Mjomba wangu ni fundi redio. Zamani, mimi bado mtoto, mteja mmoja alileta redio-kaseti itengenezwe, asirudi tena. Ndani yake mlikuwa na kaseti ya Nirvana, ile waliyoirekodi New York Novemba 1993, wakipiga polepole bila zile kelele zao. Mjomba akaifanya ya kujaribia spika. Kila spika iliyopona pale kibandani ilipona kwa sauti ya Kurt Cobain. Ndivyo nilivyokua, ndugu msomaji: wenzangu wanaimba bongo fleva, mimi nanung'unika Kiingereza nisichokijua.

Nilipomaliza kidato cha nne nikapata simu, nikaanza kusaka bendi nyingine za roki ya namna ile, wenyewe wanaiita mbadala. Programu ya muziki ikanimwagia bendi tele. Lakini jamani, zote kama Nirvana waliopakwa rangi upya! Nikachoka. Ndipo nikajiuliza: hivi hawa nao walikuwa wanamsikiliza nani?

Kumbe jibu lilikuwa kwenye kaseti ileile. Ina nyimbo 14, na 6 si zao. Mmoja wa David Bowie, mmoja wa The Vaselines wa Uskochi, mmoja wa kale waliojifunza kwa Lead Belly, Mmarekani mweusi wa gitaa la nyuzi 12, aliyefariki 1949. Tatu ni za Meat Puppets wa Arizona, zote kutoka albamu yao ya 1984. Halafu nikasoma kwamba mwaka 1994 Cobain alikiri gazetini: alipotunga ule wimbo wao uliovuma kuliko yote, alikuwa anajaribu kuwaiga Pixies. Nikawatafuta Pixies usiku uleule. Albamu yao ya 1988, Surfer Rosa, ilininyima usingizi: beti zinanong'ona, mara kiitikio kinapasuka kama mtungi. Aliyeirekodi ni Steve Albini, na Nirvana walimfuata huyohuyo mwaka 1993. Mpiga besi wao, Kim Deal, alikuwa na bendi nyingine, The Breeders. Huko nako nikaingia. Bando likaisha.

Siku hizo mimi na mjomba tulikuwa hatuelewani. Alitaka nirithi kibanda, mimi nikamwambia naandika riwaya. "Riwaya inaliwa?" akauliza. Basi, miezi miwili ikawa ni shikamoo na marahaba tu, halafu kimya, kila mtu na bisibisi yake.

Mchana mmoja mvua ikatufungia ndani. Nikaunganisha simu kwenye spika aliyokuwa ameifungua, nikaweka Meat Puppets bila kusema kitu. Mjomba akainua kichwa. Wimbo anaujua kila kona, miaka yote ameupimia kazi yake, ila sauti si ile.

"Huyu mbona anaimba kama amelewa?"

"Ndiye mwenye wimbo, mjomba. Yule wetu aliuazima."

Akakaa kimya mpaka ukaisha. Niliogopa atarudi kwenye suala la kibanda. Akanyoosha mkono, akapunguza besi kidogo.

"Na zile nyingine mbili anazo?"

"Anazo."

"Weka basi, mjomba. Na hicho kitabu chako," akasema huku akiinama tena kwenye nyaya, "kina kurasa ngapi sasa?"

Nilikuwa nazo 41. Nikamwambia 60.