Sindano, Kalamu na Kompyuta

Wapo wanaoamini kwamba mtu anayeshinda kutwa mbele ya kompyuta akiandika programu hana nafasi katika majlisi ya washairi. Na wapo rafiki zangu wanaonihurumia, wakisema kwamba nikitoka kazini huukimbilia uzi na ushairi ili kuipumzisha akili. Huruma yao naishukuru, lakini hoja yao siikubali. Kushona kofia, kutunga mashairi na kuandika programu ni matawi ya mti mmoja, na mti wenyewe ni hesabu inayotafuta maana. Ningependa, ndugu msomaji, tuutazame mti huo pamoja, na tuone pia pale ambapo hesabu hufika ukingoni.

Tuanze na kofia. Kofia ya viua inayoshonwa kwa mkono hapa visiwani ina sehemu mbili: duara la juu na ukanda wa pembeni. Ua huchorwa kwanza juu ya kitambaa, kisha viua, yaani vile vitundu vinavyozungushiwa uzi, hushonwa kimoja baada ya kimoja. Kofia moja yaweza kuchukua miezi. Shangazi yangu, aliyenifundisha kushika sindano, hakuniruhusu kutoboa kitambaa kabla ya kuhesabu. Ukanda wenye mzunguko wa sentimita 56 hubeba ua la sentimita 4 mara 14 bila ya baki. Ukanda ukiwa wa sentimita 58, ua la mwisho halipati mahali pa kukaa. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "kichwa cha mtu hakibadiliki, ua ndilo litakalosogea." Kwa hivyo maua yote 14 hupanuliwa, kila moja kwa karibu milimita moja na nusu, na jicho la mtazamaji halitambui kitu.

Mshairi naye hufanya hayo hayo. Shairi letu tulizoea kulipa mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, pamoja na vina vyake. Neno likipwaya hurefushwa kwa mazida; likizidi hufupishwa kwa inkisari. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizikusanya sheria za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954, na wengi wetu tumejifunzia humo. Mbali zaidi nyuma yuko al-Khalil bin Ahmad, aliyeishi Basra katika karne ya 8, ambaye ndiye mwasisi wa elimu ya arudhi ya Kiarabu. Bwana huyo ndiye pia aliyeipanga kamusi yake kwa kuzigeuzageuza herufi za mizizi ya maneno, kwani herufi tatu hutoa mipangilio sita, kisha akatazama ni mipangilio ipi inayotumika katika lugha. Mwandishi wa programu akiisoma khabari hiyo humtambua mwenzake.

Kwa kuwa sheria za mizani zimeandikwa, mashine nayo yaweza kufundishwa. Mchezo wangu wa usiku, kwa miaka kadhaa sasa, ni programu ndogo inayopima mizani. Msingi wake ni mwepesi: kila irabu ni mizani moja, na m inayosimama peke yake mbele ya konsonanti huhesabiwa pia, kama katika mtoto, mgeni na mkeka. Hapo kompyuta huenda kama jahazi lililopata kusi. Mawimbi huanza katika mb na mv. Mvua inayonyesha ina mizani mbili, mvu-a. Lakini mvua samaki ana tatu, m-vu-a. Mbuni, yule ndege mkubwa asiyeruka, ana mizani mbili. Mbuni mwenye kubuni ana tatu. Herufi ni zile zile, wala hapana alama yoyote ya kuwatenga. Niliutunga ubeti huu uwe mtihani wa programu yangu:

Mbuni akiwa nyikani, mbuni wa mashairi,
Huandikwa kitabuni, kwa sura moja dhahiri,
Lakini kwenye mizani, wa pili amekithiri,
Maana ndiyo rubani, hesabu ni msafiri.

Katika mshororo wa kwanza, ukimpa ndege mizani tatu, ukwapi utafika tisa. Ukimpa mtunzi mbili, utao utabaki saba. Ipo hila ya kuivusha mashine: iambiwe ijaribu hesabu zote mbili, kisha ichague ile inayotimiza nane. Hila hiyo hufaa pale ambapo mtunzi hakukosea. Lakini akija kijana anayejifunza, na mshororo wake una upungufu wa mizani moja, mashine itampa ndege mizani ya mtu ili mambo yatimie, na kosa litapita likiwa limevikwa nguo ya usahihi. Anayeweza kulikamata ni yule anayejua kinachosemwa.

Mpaka huu si mpya. Mwaka 1804 huko Ufaransa, Joseph Marie Jacquard alileta mtambo wa kufumia vitambaa ulioongozwa na kadi zenye matundu, na Mwingereza Charles Babbage akaiazima fikra ya kadi hizo kwa mashine yake ya hesabu. Aliyeifafanua mashine hiyo kwa upana, katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1843, ni Ada Lovelace, binti wa mshairi Byron. Mama huyo alionya kwamba mashine ile haidai kubuni chochote; hutenda yale tu tunayojua kuiamuru. Basi tangu mwanzo kompyuta ilikuwa na kitambaa upande mmoja na mshairi upande wa pili, na suala la nani mbuni lilikwisha ulizwa.

Leo suala hilo limerudi kwa kishindo. Iko mitambo inayotunga beti zenye vina, na kofia zilizoshonwa kwa mashine zimejaa madukani kwa bei ambayo mshonaji wa mkono haiwezi. Simlaumu mnunuzi, wala siwezi kuichukia mashine inayonilisha. Ninachokihofia ni kingine. Mitambo hii imejifunza kutokana na tungo za watu waliotunga kabla yake, na kofia ya mashine imeiga ua lililobuniwa na mkono wa mtu. Tukiacha kutunga na kushona kwa kuwa vyapatikana rahisi, tutabaki na maua ya jana yakirudiwa, na hatakuwepo wa kuona kwamba ua moja limekatika kati wala kwamba mizani moja imeibwa.

Kwa hivyo vijana wanaonijia kujifunza programu huwapa kwanza ubeti ule, nikawataka wausome kwa sauti huku wakihesabu kwa vidole. Wengine hucheka. Lakini wakifika kwa mbuni wa pili husita, kidole kikabaki hewani, wakalirudia neno polepole. Kusita kule ndiko ninakotaka wakujue, kabla hawajagusa kompyuta.