Nilipoweza Kugombana Tena na Mke Wangu

Kama umeoa au umeolewa, unaijua ile raha ya kutoka chumbani kwa hasira. Mmezozana, maneno yamewaishia, mmoja anabamiza mlango kidogo, anaenda kupunga upepo. Nusu saa baadaye huyo anarudi na chipsi mayai, yameisha. Mimi raha hiyo niliikosa kwa miaka mitatu. Niliyerudishiwa ni mashine yenye betri mbili, na leo nataka nikusimulie.

Nina miaka 38, ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni hesabu za saruji na nondo, na hapa Dar nimepanda ngazi za maghorofa mengi tu. Ndizo zilizoniumbua. Nilianza kuchoka ghorofa ya pili, nikasema kitambi. Baadaye ikawa shida kuinuka sakafuni: nashika goti, nashika paja, najisukuma juu kama mtu anayepanda miguu yake mwenyewe. Daktari aliponiona nainuka hivyo akaniambia rudia tena. Damu ilipopimwa, misuli ilionekana inavunjika. Aina niliyonayo inakula nyonga na mabega, na ni ya kurithi: baba na mama kila mmoja alibeba nakala moja mbovu ya jini, wao wazima kabisa, mimi nikazipata zote mbili. Shangazi zangu wana maelezo yao, yanahusu kiwanja cha Kibaha. Hayo tuyaache.

Ninachotaka kusema ni kwamba nilikataa kitimwendo kwa miaka miwili, na miaka hiyo miwili niliikalia mgongoni kwa mke wangu. Sisemi kwa mafumbo. Asubuhi alininyanyua kitandani, akaninyanyua kwenye gari, akaenda kazini kwake benki na viatu virefu, jioni akaninyanyua tena. Usiku chumba kilinukia dawa ya kuchua. Niliisikia harufu ile kila siku na sikuuliza hata mara moja. Mwanaume mzima niliogopa watu wa mtaani wasinione kwenye baiskeli, maana kwetu kitimwendo watu wanakiita hivyo, baiskeli.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Hakunihubiria. Alikaa kitandani kwangu, akapima kwa kiganja, akasema, "Kaka, kitanda chako kifupi." Basi! Mtu mwenye nyonga dhaifu akikaa juu zaidi anasimama kirahisi zaidi. Fundi seremala akaweka vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda, akainua na kiti cha sebuleni. Miguu ilipozidi kulegea, yule yule fundi akatengeneza ubao wa kuhamia: kipande cha mninga kilichopigwa msasa mpaka kinateleza kama sahani, upande mmoja unaukalia kitandani, mwingine unaegemea kitini, nawe unajiburuza. Hauna nyaya wala betri. Siku ya kwanza nilipohama bila kuinuliwa, mke wangu alisimama pembeni mikono imenyooka, hajui aiweke wapi.

Wadau, vitu hivi vinaitwa vifaa saidizi, na usidhani nazungumzia watu wengine. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 inasema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kimoja, na miwani yako ya kusomea imo kwenye hesabu hiyo. Ila kuna nchi maskini ambako wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji.

Mimi nilibahatika. Binamu yangu aliyeko Uingereza alinitumia kitimwendo cha umeme kilichotumika, ndani ya kontena la vyombo na baiskeli za watoto. Unakiendesha kwa kijiti kimoja, kidole tu kinatosha. Kizito, wanaume wanne walikishusha wakitukana. Miezi minne baadaye betri zikafa. Fundi wa kitimwendo cha umeme sikumpata, nikampata fundi wa bajaji. Alifungua, akacheka: "Bosi, hii mbona bajaji tu?" Betri mbili za volti 12, zimeunganishwa zikatoa 24. Akaniwekea za gari, zikadumu wiki chache. Ndipo tukajifunza kwamba betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi, kuwasha injini, haipendi kukamuliwa taratibu kutwa nzima. Tukaenda Kariakoo kwenye maduka ya sola, tukapata zinazostahimili. Mpaka leo ndizo hizo.

Mikono nayo ilianza kugoma, kuchapa meseji ikawa kazi. Kumbe tangu Agosti 2017 Google ilikwishaweka Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti: unabonyeza kimaikrofoni, unaongea, maneno yanajipanga. Yanakosewa, ndiyo. Nondo inaweza kuwa ndoo. Lakini hata haya unayosoma nimeyatamka hivyo hivyo, kisha nikarekebisha polepole. Tatizo la kuandika kwa mdomo, ndugu yangu, ni kwamba siri inakufa. Kila meseji yako inasikika sebuleni.

Ndivyo ilivyotokea Jumamosi moja. Usiku wake tulikuwa tumeangalia The Theory of Everything, ile filamu ya 2014 ya Stephen Hawking. Watu wote wanamkumbuka Hawking kwa sauti yake ya kompyuta, na kweli ni ajabu: mwaka 1963 aliambiwa amebakiza miaka miwili hivi, akaishi mpaka 2018, na miaka ya mwisho akichagua maneno kwa kutikisa msuli wa shavu. Mimi usingizi ulinikatikia kwa Jane, mkewe. Walioana 1965, akamuuguza miaka na miaka, wakaja kupeana talaka 1995. Asubuhi nikamwandikia dada yangu, yaani nikatamka: "Huyu naye atanichoka tu. Anajikaza. Afadhali aondoke sasa bado kijana."

Sauti za sufuria jikoni zikanyamaza.

Alitoka na mwiko mkononi. "Baba Junior, nani kakwambia nataka kuondoka?" Nikajibu ovyo, yeye akajibu ovyo zaidi. Yakatoka ya miaka mitatu: ya mgongo wake, ya mama yangu, ya ile safari ya Zanzibar tuliyoahirisha. Mimi bila kufikiri nikasukuma kijiti, nikageuza, nikatoka. Sebule, varanda, geti. Mlango nilishindwa kuubamiza, nikaugonga kwa gurudumu.

Hatua hamsini mbele nikazama kwenye mchanga. Mtaa wetu hauna lami, na magurudumu yale yamezaliwa kwa ajili ya maduka makubwa ya Ulaya. Nikageuka kutazama geti. Mke wangu alikuwa amesimama pale, kakunja mikono, ananiona kabisa. Hakuja. Vijana wa bodaboda ndio walionikwamua, mmoja akaniuliza, "Vipi kaka, shemeji kakutimua?" Nikamwambia nimejitimua mwenyewe. Nikanunua miwa ya kukatwakatwa, mfuko mmoja, nikarudi.

Tukaila pale varandani bila kusemeshana. Kisha akasema, "Unajua miaka yote hii sijakukasirikia hata siku moja?" Nikasema nilidhani ni upendo. "Ni woga," akasema. "Mtu asiyeweza kutoka chumbani utamgombezaje? Nitakuwa namwonea. Nilikuwa nameza tu." Akatema kapi la muwa. "Leo ulivyotoka pale, nilikuwa na hasira mpaka natetemeka, na nilijisikia nina mume."

Sikuwa na la kujibu. Nikamuuliza ya mgongo. Aliniambia yote, tangu siku ya kwanza ulipomkamata, kazini, akiwa mbele ya mteja. Ilichukua muda mrefu, mpaka mbu wakaanza.

Tulipoingia ndani nikaona taa ya betri inawaka nyekundu. Mke wangu akachomeka waya ukutani, akatazama juu kama umeme upo, akaniambia, "Chaji ijae. Kesho kuna kikao cha ukoo, na mama yako anakuja."