Springi ngumu zilinidanganya

Leo naweka programu kando kidogo. Mwaka jana nilimwambia fundi anifungie springi ngumu mbele, nikiamini gari lisipolala kwenye kona litashika barabara zaidi. Kweli, halikulala. Lakini siku ya mvua, nikiteremka kutoka Limuru, nilikata kona na gari likaendelea kwenda moja kwa moja. Nusura nimgonge mtu wa boda. Mke wangu hakusema neno hadi nyumbani.

Usiku nikakaa na kompyuta. Uzito unaohamia magurudumu ya nje ni hivi: nguvu inayosukuma gari pembeni, mara kimo cha kitovu cha uzito, gawa kwa upana kati ya magurudumu. Gari la kilo 1,000 likisukumwa kwa nusu ya uzito wake, kimo sentimita 50, upana sentimita 150: kilo 167 hivi. Ugumu wa springi haumo kabisa!

Springi huamua mgawanyo tu. Penye springi ngumu zaidi, mbele au nyuma, ndipo sehemu kubwa ya uzito huo huhamia. Tairi la nje linaloongezewa mzigo halipati mshiko wote ambao la ndani limepoteza, kwa hiyo hapo ndipo huteleza kwanza. Kwangu, mbele.

Springi za zamani zimerudi. Jamani, pigeni hesabu kabla ya kwenda gereji.