Jini ya Italia na Gongo la Kwetu

Mgeni akishuka kwenye gari moshi hapa Tabora, asirudi kwao kabla ya kutembea Mtendeni. Jina lenyewe ni historia. Mtende ni mti wa Waarabu, na katika karne ya 19 Waarabu wa Omani pamoja na watu wa Pwani walifanya makao yao hapa Unyanyembe, wakifanya biashara ya pembe za ndovu na, kwa huzuni, ya watumwa. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua mizigo mabegani mpaka Bagamoyo. Mwaka 1878 Mapadre Weupe wa kwanza walipita njia hiyo hiyo wakienda kwenye maziwa makuu. Reli ilifika mwaka 1912, na misafara ikakoma.

Jioni moja nilikuwa nikitembea huko, mzee mmoja akanikaribisha barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Kando yake aliketi kijana wake, mtu mzima, macho wazi lakini haoni. Gongo lilimpofusha kwa usiku mmoja. Mzee aliposikia kwamba nimesoma habari za nchi za Ulaya, akaniuliza: "Hao Waitalia, watu wa nchi ya Baba Mtakatifu, nasikia wanakunywa jini. Mbona nyumba zao hazibomoki?"

Swali hilo lastahili jibu la kweli.

Jini na gongo ni ndugu. Vyote viwili hupatikana kwa kuchemsha kileo, kuukamata mvuke wake na kuupoza uwe maji tena. Kileo huanza kuchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye nyuzi 100. Ndiyo maana kileo hutangulia kutoka. Katika karne ya 12, waganga wa Salerno, kusini mwa Italia, waliijua kazi hiyo, nao waliitumia kwa dawa. Baadaye Waholanzi wakatia ndani matunda madogo meusi ya mti ulio ndugu wa mtarakwa wa milima yetu. Hapo ndipo lilipotoka jina la jini. Mpaka leo matunda hayo huchumwa kwenye vilima vya Toscana, na mengine huuzwa nje kwa watengenezaji wa jini.

Na nyumba za Wazungu zilibomoka pia! Katika karne ya 18, jini ya bei rahisi iliwaangamiza maskini wa London, akina mama na watoto wao. Serikali ilitunga sheria kali mwaka 1736, haikufaa kitu. Sheria ya mwaka 1751, iliyobana wauzaji, ndiyo iliyosaidia kupunguza msiba ule. Walijifunza kwa makaburi.

Je, Mwitalia huionjaje? Humimina kidogo tu. Hunusa kwanza: harufu ni kama utomvu wa msonobari, na ganda la limau kwa mbali. Kisha huionja polepole ulimini. Mara nyingi huichanganya na divai iliyotiwa mitishamba, kitu ambacho watu wa Torino wamekitengeneza tangu karne ya 18, akala zeituni kidogo, kisha akaenda mezani kula na jamaa yake. Chupa imeandikwa nguvu yake. Kwa sheria ya Ulaya haipungui 37.5 kwa mia. Anywaye anajua anakunywa nini.

Gongo halina maandishi. Uganda huitwa waragi, Kenya chang'aa, na Waingereza waliliita jini ya Kinubi, kwa sababu jamaa za askari wa Kinubi walijulikana kwa kulichemsha. Hupikwa gizani, katika mapipa yenye kutu. Mvuke wa kwanza, ambao waweza kuwa na sumu, mwenye tamaa ya fedha hautupi. Wengine huongeza kileo cha viwandani, na hicho ndicho kiuacho macho, kisha mwili. Mwaka 2000 jijini Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Hapa kwetu Bunge lilitunga sheria juu ya moshi, yaani gongo, tangu mwaka 1966. Kulichemsha bila leseni ni kosa.

Nilipomaliza kueleza, mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Basi tofauti si rangi ya mtu. Ni kipimo, na kujua kilichomo."

Ni kweli, ndugu zangu. Bwana wetu hakuikataa divai kule Kana, na Mtume Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo. Kidogo, alisema. Lakini baba anayepeleka ada ya shule kwenye pipa lililofichwa porini hawezi kujitetea kwa maneno hayo. Wala mama alipikaye apate kulisha watoto hatuna budi kumlaumu tu. Tumsaidie kupata kazi nyingine. Misitu ya Tabora ina asali nzuri, nayo haimpofushi mtu.

Kengele ya jioni ilipolia, mzee alisimama, akamshika mwanawe mkono. "Twende, baba," akasema, "hapa pana ngazi." Wakaenda polepole kusali.