Macho ya manjano

Mama mmoja wa hapa Kasulo alipata macho ya manjano, maumivu chini ya mbavu za kuume na homa ya kutetemeka. Mimi nikasema ni sumu, tukafunga na kuomba siku tatu. Kumbe jiwe lilikuwa limeziba mfereji wa nyongo! Mambo hayo matatu yakikutana, kimbia kwa munganga siku ile ile, maana uchafu unaweza kuingia katika damu.

Tangu 1974 kuna njia bila kupasua tumbo: mpira mwembamba unapita kinywani mpaka matumboni, wanakata kidogo mlango wa mfereji, wanavuta jiwe. Likipita milimita 15, mara nyingi wanapanua mlango ao wanalivunja mule ndani, sawa vile wachimbaji wetu wanavunja jiwe kubwa mbele ya kulipandisha juu.

Chombo kile hatukukipata karibu. Mama alipasuliwa, akapona. Hajanilaumu hata mara moja.