Swali la semina lililomrudisha mama kliniki

Saa nane mchana, katika chumba cha semina cha idara ya uchumi ya chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam, mama wa watoto wawili alisimama mbele ya wahadhiri na wanafunzi wenzake. Feni ilikuwa inazunguka bila kupoza kitu. Miezi minne alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo. Watoto wakishalala, yeye alikaa na kompyuta hadi saa saba usiku, na asubuhi aliondoka kabla hawajaamka.

Semina ya utafiti wa uchumi si mhadhara. Mtafiti huleta kazi ambayo bado haijaiva, na waliopo wana ruhusa ya kumkatiza wakati wowote. Hawamsubiri amalize. Kazi yao ni kutafuta ufa kabla kazi haijachapishwa na kuaminiwa na watu. Ndivyo inavyofanyika Chicago, na ndivyo inavyofanyika Nairobi, ambako AERC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1988, huwakutanisha watafiti wa uchumi wa Afrika ili kazi zao zikosolewe hatua kwa hatua. Wapo wanaotoka kwenye vyumba hivyo wakilia.

Mada ya mama huyu ilikuwa urefu wa watu wa zamani. Wataalamu wa historia ya uchumi hupenda kipimo hicho kwa sababu babu zetu wengi hawakuacha hati za mishahara, lakini miili yao ilipimwa. Mtoto aliyekosa chakula bora au aliyeugua mara kwa mara hurefuka kidogo kuliko alivyopaswa. Hivyo, kimo cha mtu mzima hubeba habari za utoto wake.

Alianza na mfano wa Marekani. Baada ya nchi hiyo kupiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje mwaka 1808, manahodha waliosafirisha watumwa kutoka bandari moja ya ndani hadi nyingine walilazimika kuandika jina, jinsi, umri na urefu wa kila mmoja. Zaidi ya miaka 150 baadaye, mwanahistoria wa uchumi Richard Steckel alizichambua orodha hizo. Aligundua kwamba watoto wa watumwa walikuwa wafupi mno, miongoni mwa wafupi zaidi waliowahi kupimwa popote. Mama zao walirudishwa shambani mapema baada ya kujifungua, na wachanga waliachwa wakinyweshwa uji mwepesi. Nyama ilikwenda zaidi kwa waliofanya kazi. Watoto hao walianza kurefuka kwa kasi walipofikia umri wa kutumwa kazini, maana ndipo walipolishwa vizuri zaidi.

Chumba kilikuwa kimya. Kisha akaingia kwenye kazi yake mwenyewe: kumbukumbu za askari wa Keya, jeshi la wakoloni Waingereza Afrika Mashariki, ambao walipimwa urefu siku ya kuandikishwa.

Hakufika ukurasa wa tano. Profesa mmoja mzee, aliyekaa nyuma, aliinua kalamu.

“Mama, hawa ni waliokubaliwa jeshini. Waliokataliwa mlangoni kwa ufupi wako wapi? Na wale ambao hawakwenda kabisa?”

Alijaribu kujibu. Profesa akaongeza kwamba swali hilo limewasumbua wakubwa pia. Mwaka 2017, Howard Bodenhorn, Timothy Guinnane na Thomas Mroz walihoji kazi nyingi zilizosema kuwa watu wa Uingereza na Marekani walipungua urefu katika karne ya 19. Huenda, walisema, ni waliojiunga na jeshi ndio waliobadilika. Kazi za uraiani zikilipa vizuri, wenye afya na nguvu hawaendi jeshini, na daftari la jeshi hubaki na wafupi zaidi.

“Daftari linakuambia habari za waliofika,” profesa alisema. “Kabla hujalisoma, jiulize nani hakufika, na kwa nini.”

Muda ukaisha. Mama yule alikusanya karatasi zake, akashukuru kama desturi inavyotaka, akaenda kituoni kupanda daladala.

Ndani ya daladala, swali halikumwachia. Alipokuwa akilitafutia jibu, akamkumbuka binti yake mdogo. Alikuwa na miaka miwili na miezi 10. Mara ya mwisho kupelekwa kliniki ilikuwa alipopata chanjo ya pili ya surua na rubella, akiwa na miezi 18. Baada ya hapo kadi iliwekwa kabatini. Chanjo zimeisha, mtoto anacheza, haumwi. Cha kumpeleka ni nini?

Miezi 16. Yeye, ambaye alikuwa anajua urefu wa mamia ya askari waliokwisha kufa, hakuwa anajua urefu wa mwanawe. Na kwenye daftari la kliniki ya mtaa wake, mtoto yule alikuwa mmoja wa wasiofika.

Kesho yake asubuhi alimbeba. Muuguzi aliifungua kadi, akamsimamisha mtoto kwenye ubao, akasoma: sentimita 85. Mtoto wa kike wa umri ule kwa wastani huzidi 93. Uzito ulikuwa wa kuridhisha, na ndio maana nyumbani hakuna aliyeshtuka. Lakini nukta ya urefu iliangukia chini ya mstari wa udumavu.

Mama alianza kujitetea, kisha akanyamaza. Muuguzi hakumfokea.

“Anakula nini, mama yangu?”

Akaeleza alichokuwa anakijua: asubuhi uji wa sembe na sukari, mchana wali na mchuzi, jioni chai na andazi. Mengine aliyajua dada wa kazi. Muuguzi akamshauri aongeze yai au dagaa na maharage kila siku, mboga na matunda, karanga za kusaga ndani ya uji, na chai iondoke kwenye milo. Akampa tarehe ya kurudi, na kumkumbusha kwamba matone ya vitamini A na dawa za minyoo hutolewa kila baada ya miezi sita, hata chanjo zikiwa zimeisha.

Hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana udumavu. Mwingi huanza katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na urefu uliopotea wakati huo ni mgumu kuurudisha wote. Lakini mtoto wa miaka miwili na nusu bado anakua, na chakula bora bado kina kazi ya kufanya.

Jioni ile alimweleza mumewe yote, la semina na la kliniki. Baba hakusema mengi. Aliichukua kadi, akaipiga picha kwa simu, na tarehe ya kurudi ilipofika yeye ndiye aliyempeleka. Urefu ulikuwa umeongezeka sentimita mbili. Nukta bado iko chini ya mstari, lakini imeanza kupanda.

Mama amerudi kwenye nyaraka kutafuta habari za waliokataliwa jeshini. Atawasilisha tena muhula ujao, na profesa yule bila shaka atakaa palepale nyuma.

Nawe mzazi, kadi ya mwanao iko wapi? Itoe kabatini, uangalie nukta ya mwisho iliwekwa lini. Kama ni zaidi ya miezi mitatu iliyopita, mpeleke wiki hii.